Subira ya Fundi wa Inoksi

Chini ya boneti za Corolla na RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile zenye injini ya 1ZZ, mna kazi ya chuma ambayo mwenye gari huenda asiione maisha yake yote. Ni mabomba manne yanayotoka ubavuni mwa injini, kila moja na mkunjo wake, kisha yanakutana kwenye mdomo mmoja unaoelekea kwenye ekzosi. Mafundi wa Goma, mashariki mwa Kongo, huiita kolekteri. Toyota iliitengeneza kwa mabomba ya inoksi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, badala ya chuma kizito cha kusubu, ili kupunguza uzito wa injini. Ilipotoka kiwandani iling'aa. Inapofika mezani kwa fundi wa Goma, baada ya miaka 20 ya joto, matope na mafuta yaliyoungulia juu yake, hujui hata imetengenezwa kwa chuma gani.

Fundi ninayemzungumzia hufanya kazi katika gereji ya wazi upande wa Ndosho, juu ya ardhi ya lava nyeusi kama ilivyo karibu kila kiwanja cha mji huu. Vifaa vyake ni vichache: meza ya mbao ngumu iliyofungwa jiriwa, drili ya mkono, spana zilizotundikwa kwa ukubwa wake, ndoo tatu za plastiki, na sanduku la misasa iliyopangwa kwa namba. Tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga milango na ndege zikaacha kutua, mtu wa Goma hufikiri mara mbili kabla ya kuagiza kipuri. Kilichopo hutengenezwa. Na kolekteri haiachwi hivi hivi: ikipasuka, hewa ya nje huingia kupitia ufa na kuidanganya sensa ya oksijeni, injini ikanywa esansi kuliko inavyostahili, tena moshi wenye sumu unaweza kupenya hadi ndani ya gari.

Kazi huanza kwenye nati, na hapo ndipo fundi mwenye haraka hujulikana. Nati zilizopikwa kwa joto miaka yote hiyo zimeshikana na stadi zake, yaani bolti zilizojikita kwenye injini. Ukizilazimisha kwa spana, stadi hukatika ndani ya silinda hedi, na kuichimbua ni kazi ya siku nzima. Yeye huiwasha injini kwanza kwa dakika chache ipate uvuguvugu, huizima, kisha hudondoshea kila nati mazutu yaliyochanganywa na oili, tone kwa tone, na kuyaacha yanyonywe usiku kucha. Asubuhi huifungua nati robo mzunguko, huirudisha kidogo, hudondosha tena, hufungua tena. Nati ikilia, mkono wake husimama. Nimemwona akiishughulikia nati moja hivyo mpaka mwanafunzi wake akakaa chini, na ilipotoka, ilitoka na nyuzi zake zote zikiwa salama.

Kolekteri ikishatoka, huikagua kabla ya kuisafisha. Huziba midomo ya mabomba kwa matambara, humimina mafuta ya taa ndani, na nje ya maungio yaliyochomelewa hupaka chaki. Kisha huendelea na kazi nyingine. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya pasipopita maji. Palipo na ufa, hata mwembamba usioonekana kwa jicho, chaki hulowa na kuchora mstari wa kijivu. Mstari huo huuzungushia alama, na kipande huenda kwa mchomeleaji mwenye vijiti vya inoksi kabla ya jambo lingine lolote. Kung'arisha kitu kilichopasuka, kwake, ni kumdanganya mteja.

Baada ya hapo huja uchafu wenyewe, na huuondoa kwa ngazi. Masizi ya ndani huyagongagonga kwa nyundo ya mbao, akiiinamisha kolekteri ili yaanguke. Grisi ya nje huilainisha kwa mazutu na mswaki wa zamani, akifuata kila kona ambamo mabomba yanakaribiana. Ndoo ya kwanza ina maji ya moto na sabuni ya unga, ya pili maji ya kusuuzia, ya tatu maji ya mvua aliyoyakinga kwenye bati. Maji ya Ziwa Kivu hayatumii kwa usuuzaji wa mwisho, kwa sababu yana madini mengi, na yakikaukia juu ya chuma huacha madoa meupe.

Sasa rangi za joto huonekana, naye huzisoma. Inoksi ya kawaida ikifikia nyuzi 290 za Selsiasi hupata manjano hafifu; karibu na 390 huwa kahawia; kwenye 450 huwa zambarau iliyokolea; kwenye 540 huwa buluu. Mabomba manne ya injini yenye afya hufanana. Bomba moja likiwa na rangi tofauti na wenzake, hulipigia alama na kumwambia mwenye gari akaguliwe plagi na injekta ya silinda hiyo. Rangi atazifuta baadaye, ila habari yake haipotei.

Kuna jambo moja ambalo ndilo msingi wa ufundi wake wote. Inoksi haina rangi iliyopakwa juu. Ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na kromi hiyo ikikutana na oksijeni ya hewani hujifanyia ngozi nyembamba ya nanomita chache tu. Ngozi hiyo ikikwaruzwa mahali pakavu na safi hujirudisha yenyewe. Mwingereza Harry Brearley alikifikia chuma cha namna hii mjini Sheffield mwaka 1913, alipokuwa akitafuta mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Kwa hiyo fundi wa inoksi hana cha kuongeza. Anaondoa tu kila kinachoizuia ngozi hiyo isijirudishe, na ustadi wake uko katika kujua aondoe kwa kitu gani, na aishie wapi.

Ndiyo maana anachagua vifaa kwa makini. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida, ambayo ipo katika kila duka la vifaa la mtaa wa Birere, haigusi kolekteri. Brashi hiyo huacha chembe za chuma zilizojikandamiza juu ya inoksi, na baada ya mvua mbili tatu chembe hizo hushika kutu, mteja akarudi akidai ameuziwa inoksi bandia. Stilwaya ya kijivu ya kusugulia sufuria nayo huikataa kwa sababu hiyo hiyo. Anayoitumia ni ile ya mikunjo inayong'aa, ambayo nayo ni inoksi. Sumaku haimsaidii kutofautisha inoksi na chuma cha kawaida, maana inoksi nyingi za ekzosi zina kromi bila nikeli, nazo hushikwa na sumaku kama msumari.

Mwanafunzi wake, kijana mwenye pupa ya kujifunza, alimwuliza siku moja, "Papa, si tumwagie tu dawa ya choo? Kutu yote itaisha." Mzee akamjibu bila kuinua macho, "Mwanangu, itaisha leo. Kesho kutwa utaona vitundu." Hakuongeza neno. Dawa nyingi kali za choo zina asidi ya hidrokloriki, na klorini ndiyo adui mkubwa wa inoksi: hupasua ile ngozi nyembamba mahali padogo padogo na kuchimba vishimo vinavyozidi kwenda ndani. Javeli nayo ni vivyo hivyo. Goma ina sababu ya ziada ya kuogopa jambo hili, kwa kuwa Nyiragongo na Nyamulagira, volkano zilizotoa salfa nyingi kuliko volkano nyingine nyingi duniani, hutoa pia gesi zenye klorini. Mvua inayopita ndani ya moshi wao huwa na asidi, na mabati ya vijiji vilivyo upande ambako upepo hupeleka moshi huo huliwa mapema. Chuma kilichokwisha kuumwa na hewa hiyo hakihitaji kuumwa tena ndooni.

Yeye hutumia malimau. Huyakamua, huchuja maji yake, huyachanganya na maji ya moto, na kulowesha vitambaa anavyovizungushia kila bomba. Vitambaa hukaa muda mrefu, vikilowanishwa kila vinapokauka. Asidi ya limau si kali. Huyeyusha kutu nyepesi na chembe za chuma bila kuidhuru kromi, na viwanda vikubwa hutumia asidi hiyo hiyo kuitayarisha inoksi. Anapofunua kitambaa cha kwanza, chini yake kuna kijivu safi, na kitambaa chenyewe kimegeuka rangi ya chai. Husugua kwa stilwaya ya inoksi, husuuza, na kurudia palipobaki doa.

Hatua ndefu kuliko zote ni msasa. Huanza na namba 120 penye mikwaruzo mirefu tu. Kwingine huanzia 240. Huukata msasa kuwa ukanda mwembamba, huupitisha nyuma ya bomba, hushika ncha mbili na kuvuta huku na huku, kama mpiga rangi wa viatu anavyovuta kitambaa chake juu ya ncha ya kiatu. Bomba lote likishakuwa na mikwaruzo ya upande mmoja, huchukua namba 400 na kubadili mwelekeo, ili mikwaruzo mipya iikate ile ya zamani. Hapo ndipo akili ya hatua hii ilipo: haendi kwenye namba inayofuata mpaka alama ya mwisho ya namba iliyopita imefutika. Huligeuza bomba kuelekea jua, hulitazama kwa ubavu, huligeuza tena. Akiona uzi mmoja wa namba 240 umebaki chini ya mkunjo, hurudi kwenye 240. Mng'aro wa mwisho huonyesha kila alama uliyoiruka, na wakati huo kurudi nyuma ni kuanza upya.

Kutoka namba 600 msasa hulowanishwa, na maji machafu huoshwa kila baada ya muda ili chembe zilizong'oka zisikwaruze. Mahali ambapo mabomba mawili yanakaribiana kiasi cha kidole kutopita, huchukua kamba ya katani, huipaka dawa ya kung'arishia na kuivuta taratibu. Drili ingeenda haraka zaidi, lakini joto lake huirudisha inoksi kwenye buluu, tena pale pale ilipotoka kusafishwa.

Drili huja baadaye, umeme unapokuwepo. Umeme wake hutoka kituo cha Matebe, wilayani Rutshuru, kilichoanza kufanya kazi mwaka 2015 kwa nguvu ya maji. Hufunga gurudumu la katani kwanza, kisha la pamba lililoshonwa kwa tabaka za nguo kuukuu, kila moja na mche wake wa dawa. Dawa ya hatua moja haichanganywi na ya nyingine. Gurudumu hulitembeza kwa mwendo mwepesi bila kulikandamiza, na kila baada ya muda mfupi hugusa chuma kwa nyuma ya kidole apime joto. Kijivu hufifia, kisha mawingu ya Goma yanaonekana yakipita juu ya bomba.

Hata hapo hajamaliza. Huiosha kolekteri tena kwa sabuni kuondoa nta ya dawa, huikausha, kisha huipangusa yote kwa spiriti akiwa amevaa glavu, na tangu hapo haigusi kwa mkono mtupu. Alama ya kidole ina mafuta. Injini ikiwaka, mafuta hayo huungua na kuacha chapa ya kidole kwenye chuma, chapa ambayo huiondoi ila kwa kurudi kwenye msasa. Hufunga gasketi mpya, huziweka nati zote kwa mkono kwanza, kisha huzikaza kidogo kidogo kuanzia za katikati kwenda pembeni, ili uso wa kolekteri ulale sawasawa.

Injini inapowashwa, moshi mwepesi hutoka na kuisha. Ndani ya safari chache inoksi itaanza kupata manjano, kisha kahawia, kwa kuwa joto halimwonei haya fundi yeyote. Analijua hilo, na humwambia mteja mapema. Mng'aro ule ni ushahidi kwamba hakuna mkwaruzo ulioachwa wala chembe iliyobaki ya kuanzisha kutu, na kinachobaki baada ya rangi kurudi ni chuma kizima, kisichovuja, chenye ngozi yake.

Ukimpelekea fundi kolekteri yako, mwulize ataondoa kutu kwa kitu gani. Akikutajia dawa ya choo, ichukue urudi nayo nyumbani. Akikutajia malimau na kukuambia urudi baada ya siku kadhaa, mwachie, usimharakishe, na umlipe hizo siku zote.