Msimamizi wa hospitali hupandia wapi?

Hospitali kuu ya Nakuru, Kenya, wenyeji bado wanaiita PGH, yaani Hospitali Kuu ya Mkoa, ingawa mikoa ilishakufa na yenyewe sasa ni hospitali ya Kiwango cha Tano. Wagonjwa hupelekwa huko kutoka Baringo, Nyandarua na Narok, pamoja na majeruhi wa barabara ya Salgaa. Kijana anayetamani kuongoza hospitali ya aina hii huambiwa atafute shahada nyingine. Mimi ningemwambia kwanza aifuate shilingi inayolipwa dirishani, aone inaishia wapi.

Desemba 1989 serikali ilianzisha mpango wa wagonjwa kuchangia gharama. Asilimia 75 ya makusanyo ilibaki hospitalini, na 25 ikaenda kwenye afya ya msingi wilayani. Ada hizo ziliwaumiza maskini, hilo halina ubishi. Lakini kwa msimamizi, zilikuwa fedha zilizo karibu. Januari 2009 lori la mafuta lilipowaka Sachangwan na kuua watu zaidi ya 100, majeruhi wa moto walipelekwa PGH. Katika usiku kama ule, bandeji na maji ya dripu hayawezi kungoja hundi kutoka ofisi nyingine.

Mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza, mambo yakapinduka. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Hazina yake ya Mapato, na yasitolewe bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Hivyo ada ya eksirei ikachanganyika na ya kuegesha magari. Hospitali ilikusanya, kisha ikaomba. Nadhani hapo ndipo taaluma hii ilipoharibika katika kaunti nyingi: aliyesifiwa hakuwa msimamizi anayejua kupanga, bali anayejua kubisha mlango wa waziri wa afya wa kaunti.

Utatuzi wake ulifanywa kwa ustadi ambao wengi hawakuutambua. Kifungu hichohicho cha 207 kina mwanya mdogo: fedha zinaweza kutengwa na Hazina hiyo endapo Bunge litatunga sheria ya kuzitenga. Baadhi ya kaunti zilikuwa zimejaribu kwa sheria zao wenyewe. Oktoba 2023 ikaja ya kitaifa, Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya, iliyotiwa saini pamoja na nyingine tatu za afya. Katiba haikuguswa hata neno. Mapato ya kituo sasa hubaki kituoni, tena yawe nyongeza ya bajeti ya kaunti, si kisingizio cha kuipunguza. Pamoja na uhuru huo zimekuja bajeti, kamati, taarifa na ukaguzi. Ukikosea, huna tena wa kumsingizia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi ya bima ya taifa ya afya ya zamani, NHIF. Sehemu kubwa ya mapato sasa haitoki mfukoni mwa mgonjwa, inatokana na madai ya bima. Dai hilo lina safari yake: mgonjwa awe amesajiliwa na kutambuliwa kwa alama za vidole, ugonjwa uandikwe kwa msimbo sahihi, idhini ya awali ipatikane pale inapohitajika, kiwango cha malipo kilingane na huduma. Karani akikosea msimbo saa nane usiku, upasuaji uliofanywa vizuri kabisa unaweza usilipwe. Afisa wa rekodi, ambaye kwa miaka mingi alifichwa chumba cha nyuma na mafaili yake, ndiye sasa anayelinda mapato. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hufundisha kazi hiyo kwa diploma, na sioni kwa nini mwenye diploma hiyo asiote kuongoza.

Kwa desturi ngazi za kufika huko ni mbili. Daktari hupanda hadi kuwa medisup, yaani mganga msimamizi wa hospitali. Afisa utawala hubaki chini yake akishughulika na magari, usafi na jenereta. Wote hupelekwa Chuo cha Serikali cha Kenya kwa kozi ya usimamizi ya wiki nne, au ile ya uongozi ya wiki sita, na wengine (tuseme ukweli) huenda kutafuta cheti cha kupandishwa cheo. Daktari bingwa wa upasuaji hajawahi kufundishwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, lakini sahihi yake ndiyo inayotafutwa zabuni ikiulizwa.

Ndiyo maana ningemshauri anayeanza asikimbilie PGH. Molo au Gilgil, katika hospitali ya kaunti ndogo, timu ni ndogo na mtu mmoja hukutana na stoo ya dawa, mishahara ya vibarua na madai ya bima ndani ya wiki moja. Na popote utakapoajiriwa, siku ya kwanza usiombe kuonyeshwa ofisi yako. Omba faili la madai yaliyokataliwa miezi mitatu iliyopita, ulisome hadi mwisho.