Kasisi Asiyebeba Bunduki

Askari waliomwendea Yohana Mbatizaji hawakuambiwa watupe silaha. Waliambiwa wasidhulumu watu na waridhike na mshahara wao. Jibu hilo halimtoshi Mkristo aliyeamriwa kuua. Ndiyo maana nawapongeza makasisi wa jeshi, wanaolibeba swali lake pamoja naye kulekule mapiganoni, mikono mitupu. Mikataba ya Geneva haiwahesabu kuwa wapiganaji, na katika jeshi la Marekani hawaruhusiwi kubeba silaha.

Ninayemheshimu kupita wote ni Padri Emil Kapaun, mtoto wa wakulima wa Kansas. Novemba 1950, katika mapigano ya Unsan wakati wa Vita vya Korea, angeweza kukimbia, lakini alibaki na majeruhi. Alipomwona askari wa China amemwelekezea bunduki sajini Mmarekani aliyevunjika kifundo cha mguu, alienda akaisukuma kando ile bunduki, akamwinua majeruhi na kumbeba. Askari yule hakufyatua risasi. Alitekwa, na katika kambi ya wafungwa, mateka walipokufa kwa njaa na baridi, Kapaun aliwaibia walinzi chakula akakigawa, akawachemshia wenzake maji, akawafulia wagonjwa nguo zilizochafuka. Usiku alipita kibanda hadi kibanda akisali na yeyote, Mkatoliki au la. (Wizi ule naona ulikuwa sala pia.)

Alifariki kambini tarehe 23 Mei 1951, akiwa na miaka 35. Mfungwa mmoja Myahudi alichonga msalaba wa mbao kwa heshima yake. Marekani ilimpa nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa mwaka 2013.