"Utatuzi wa Majina" au Utambuzi?

Tumeletewa mwongozo mmoja wa Kiswahili, uliotungwa kwa ajili ya watumishi wanaojiunga na mtandao wa ofisi zao kutoka mbali kwa njia ya VPN. Mfasiri amejitahidi, lakini afikapo kwenye hitilafu, anamwagiza msomaji akague "utatuzi wa majina". Kinachotatuliwa ni tatizo, na jina la kompyuta si tatizo.

Tuseme mtumishi yuko Nyamwage, naye ataka jalada lililomo katika seva ya ofisi yake Dar es Salaam. VPN imeunganika, lakini seva haipatikani kwa jina lake. Akiandika anwani ya tarakimu, yafunguka. Basi njia ni nzima. Lililokosekana ni jina kujulikana. Kompyuta yake imekwenda kuuliza seva ya majina ya kampuni ya simu, ambayo haina habari ya majina ya ndani ya ofisi. Ni sawa na msafiri kusimama Kariakoo akiulizia nyumba iliyo kando ya njia ya Utete, badala ya kuulizia Nyamwage, njia hiyo inapochepuka. Dawa ni kompyuta ielekezwe kwenye seva ya majina ya ofisi, na majibu ya zamani iliyoyahifadhi yafutwe. Pengine jina limeandikwa kwa ufupi tu; basi liandikwe kamili, pamoja na kikoa chake. "Utambuzi wa majina" ungalimfikisha msomaji mara moja kwenye swali lipasalo: nani aliyeulizwa, naye alilitambua jina?

Neno kikoa, kwa upande wake, twalisifu. Asili yake ni kula kikoa, yaani watu wa kundi moja kulishana kwa zamu. Na majina ya ndani hujulikana na wanakikoa, si lazima na mpita njia.

Hatuwezi kusema hivyo juu ya "mtandao pepe". Katika barua pepe neno limekwisha kuzoeleka, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini Rufiji hulima mpunga, na kwa mkulima pepe ni punje isiyo na kiini. Mtandao huu hupita katika nyaya za wengine, ila mtupu si mtupu. Tena, tangu TCRA ilipowataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, kwa tangazo la tarehe 13 Oktoba 2023, istilahi hii si ya mafundi peke yao. Twapendekeza "mtandao wa faragha", herufi VPN zikibaki kando yake. Aonaye kwamba sehemu ya maana imepotea atuletee neno jingine, mradi lisiwe la kupepetwa.