Ukimya wa Saleh Omar: Lugha, Utambulisho na Utangamano wa Mhamiaji katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Utangulizi

Mijadala kuhusu utangamano wa wahamiaji barani Ulaya mara nyingi huichukulia lugha kuwa ufunguo: mgeni akijifunza lugha ya wenyeji, jamii humpokea. Nchini Uingereza mtazamo huu una nguvu ya kisheria, kwani mwombaji wa uraia hutakiwa kuthibitisha ujuzi wake wa lugha na, tangu 2005, kufaulu mtihani kuhusu maisha ya nchi hiyo. Mtazamo wa pili hushikilia kwamba lugha ya kwanza ndiyo makao ya mhamiaji. Akutanaye na msemaji mwenzake ugenini huhesabiwa kuwa amefika kwao. Uhakiki huu unadai kuwa riwaya ya By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, inaitilia shaka mitazamo yote miwili. Ndani yake lugha inachorwa kama uwanja wa madai: mwenye kuisema huulizwa yeye ni nani, na jibu lake lina gharama.

Ukimya mbele ya ofisa

Saleh Omar, mzee aliyepata kuwa mfanyabiashara wa samani, anawasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Aliyemuuzia tiketi amemshauri ajifanye hajui Kiingereza, ingawa anakijua vyema. Kwa hiyo ofisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anazungumza mbele yake kwa uhuru wa mtu anayeamini kuwa haeleweki. Anaeleza kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania, lakini anawahesabu kuwa na haki ya kupokelewa kwa sababu wao ni watu wa Ulaya. Kisha anamnyang'anya mgeni wake kisanduku cha udi.

Tukio hili ndilo kiini cha hoja ya riwaya. Wazazi wa Edelman nao walitoka katika nchi yenye lugha nyingine, lakini mtoto wao hataji lugha anapotetea haki yao, anataja asili. Kigezo cha lugha, ambacho kwa kawaida husifiwa kwa kuwa kila mtu anaweza kukitimiza kwa juhudi, kinabainika kuwa kimefunika kigezo kingine kisichotimizika kwa juhudi yoyote. Msomaji asingeusikia ukweli huo kama Saleh angesema. Ukimya wake, basi, ni mbinu ya usimulizi inayomgeuza anayehojiwa kuwa msikilizaji na shahidi.

Baadaye, Kiingereza chake kinapofichuka, Rachel Howard, mshauri wa wakimbizi, anaudhika. Jibu la Saleh linamrejelea Bartleby, karani wa Herman Melville anayekataa kila agizo kwa upole. Mtu aliyedhaniwa kuhitaji lugha ya wenyeji alikuwa amekwisha kuisoma fasihi yake.

Mkalimani na deni la zamani

Kabla ya ufichuzi huo, Rachel alikuwa amemtafuta mtaalamu wa kuzungumza na mzee huyo, naye ni Latif Mahmud, mhadhiri wa fasihi jijini London. Ukalimani wenyewe hauhitajiki tena, lakini jina lililomo katika pasipoti limekwisha kumfikia Latif: Rajab Shaaban, jina la baba yake. Latif naye aliwahi kuitwa Ismail. Watu wawili wa mji mmoja wanakaribia kukutana ugenini, na hakuna anayetumia jina alilopewa utotoni. Kati yao ipo nyumba ya familia ya Latif, iliyoangukia mikononi mwa Saleh kupitia mkopo uliowekewa dhamana. Msemaji mwenza aliyeitwa kurahisisha kazi ya ofisi ndiye mwenye kesi na mgeni. Asili moja haimpi Saleh hifadhi. Inamtaka ajieleze kwa ukamilifu ambao Edelman hakuufikiria.

Suala hili linawahusu wanaisimu wa Kiswahili moja kwa moja. Nchini Uingereza, waomba hifadhi waliojitambulisha kuwa Wabajuni kutoka pwani ya kusini ya Somalia wamepimwa kwa ujuzi wao wa Kibajuni. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa kimataifa lilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za aina hii, likisisitiza kwamba lugha hudhihirisha mahali mtu alipokulia kijamii, wala si uraia wake.

Mipaka ya riwaya

Hata hivyo, riwaya inalipa gharama kwa kuandikwa kwa Kiingereza. Katika Kiswahili cha Zanzibar, mtu wa umri wa Latif hawezi kuanza mazungumzo na mtu wa rika la baba yake bila kuamua kama atamwamkia shikamoo, na kama atamwita mzee au atanyamaza. Kumwamkia aliyeichukua nyumba ni kukiri jambo. Kutomwamkia ni kutangaza jingine. Nathari ya Kiingereza haina mahali pa kuuweka uamuzi huo, hivyo sehemu ya mvutano inapotea. Tafsiri ya Paradise ya Ida Hadjivayanis, Peponi (2022), imeonyesha kuwa Gurnah anaweza kurejeshwa katika lugha hiyo. Mfasiri yeyote wa By the Sea hulazimika kuamua kile ambacho mwandishi aliweza kukikwepa.

Hitimisho

Katika riwaya hii utangamano hauletwi na mtihani wala na ujamaa wa lugha. Unaanza pale Saleh na Latif wanapoketi katika nyumba ya mji mdogo wa pwani ya Uingereza na kila mmoja akaivumilia simulizi ya mwenzake, ikiwemo sehemu inayomhukumu yeye. Tafiti zinazopima utangamano kwa kiwango cha umilisi wa lugha hazina budi kuuliza pia mhamiaji anatakiwa kusema nini kwa lugha hiyo, na nani yuko tayari kumsikiliza.