Maji, Marejeo na Kauli: Uhakiki wa Mad Max: Fury Road kwa Kuilinganisha na Filamu Zilizoitangulia

Makala haya yanahakiki Mad Max: Fury Road (2015) ya George Miller kwa kuilinganisha na filamu tatu zilizoitangulia: Mad Max (1979), Mad Max 2 (1981) na Mad Max Beyond Thunderdome (1985). Swali letu linatokana na mazingira ya Nyamitanga, Mbarara, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958: aliyepoteza kwao anapewa njia gani, na anapewa kauli gani?

Filamu ya kwanza ni kisa cha kisasi cha askari. Katika ya pili, jamii inayolinda mtambo wa mafuta inauacha na kuelekea kaskazini. Katika ya tatu, baadhi ya watoto waliokulia jangwani wanaruka kwa ndege hadi magofu ya Sydney. Hizi mbili zinauona wokovu katika kuhama.

Fury Road inaivunja kanuni hiyo. Furiosa anapogundua kuwa nchi ya kijani alikotekwa utotoni imekufa, msafara unageuka na kurudi kwenye ngome inayohodhi maji. Immortan Joe anauawa njiani, na ndipo maji yanafunguliwa kwa wote. Kwa washauri wa sera wanaopima kurejea kwa hiari, kuishi katika nchi ya hifadhi au kuhamishiwa nchi ya tatu, hoja hii ni nzito: marejeo hayawi suluhisho iwapo riziki ingali mikononi mwa yule waliyemkimbia.

Hata hivyo, kwa upande wa lugha, filamu hii inazidiwa na ya tatu. Watoto wa jangwani wana lahaja yao, mapokeo yao na msimulizi wao, Savannah Nix. Umati ulio chini ya ngome, kinyume chake, hukinga vyombo na kushangilia. Hakuna anayesimulia alikotoka wala anachokitaka. Umekombolewa bila kuulizwa.

Pengo hilo lina uzito Nakivale, ambako Kiswahili ni daraja la Wakongo, Warundi na wengineo wengi. Filamu hizi mbili zifundishwe pamoja: moja ioneshe nani anashika maji, nyingine nani anashika neno. Na mashauriano kuhusu marejeo yafanyike katika lugha ambayo mkimbizi anaweza kukatalia.