Deni la Mkongwe: Uhakiki wa Albamu ya Crosseyed Heart ya Keith Richards

Mnamo Septemba 2015, Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya The Rolling Stones ya Uingereza, alitoa Crosseyed Heart, albamu yake ya tatu ya studio nje ya bendi hiyo. Iliyotangulia, Main Offender, ilitoka mwaka 1992. Swali la msingi si kama mkongwe huyu, aliyekuwa na miaka 71 albamu ilipotoka, bado alikuwa na nguvu, bali ni nini kinachoziunganisha bluzi, roki, pop na rege katika nyimbo 15 za albamu moja.

Jibu linaanza katika mpangilio. Wimbo wa kwanza ni bluzi fupi ya sauti moja na gitaa lisilo la umeme, kwa mtindo wa Mississippi. Baada ya shina huja matawi: roki inayosukumwa na ngoma za Steve Jordan, rege ya Gregory Isaacs wa Jamaika, na wimbo laini wa pop ambao Richards anaimba pamoja na Norah Jones. Sauti yake iliyokwaruza ndiyo uzi unaozifunga fani hizo. Maneno yake, yakisomwa peke yake, ni mepesi, na malalamiko ya mapenzi yanajirudia mno katikati ya albamu. Hata hivyo, mhakiki anayepima matini bila utendaji atakosa kilicho bora humo: pumzi, ukimya na kuchelewa kwa makusudi nyuma ya mdundo.

Uzito mkubwa zaidi umo katika “Goodnight Irene”. Wimbo huu ulirekodiwa mwaka 1933 na mkusanyaji John Lomax katika gereza la Angola, Louisiana, kutoka kwa mfungwa Huddie Ledbetter, aliyejulikana kama Lead Belly. Ledbetter mwenyewe alieleza kwamba aliupokea kutoka kwa jamaa zake. Alifariki Desemba 1949. Mwaka uliofuata kundi la The Weavers liliufanya uvume Marekani nzima. Katika kumbukumbu za utunzi, jina la Lomax limewekwa kando ya la Ledbetter.

Richards anauimba kwa unyenyekevu, bila kuupamba. Anakiri deni, lakini heshima ya mwimbaji haitengui kilichoandikwa: mkusanyaji amebaki mtunzi, na jamaa waliourithisha wimbo hawamo. Hapo ndipo albamu hii inapowahusu watafiti wa fasihi simulizi na washauri wa sera. Kuchanganya fani si kosa. Muziki hukua kwa kupokezana. Kasoro huingia pale karatasi inapojazwa. Fomu inayotenganisha mtunzi, mrithishaji, mtendaji na mkusanyaji, ikijazwa siku ileile ya kurekodi, italinda haki kuliko sifa zinazotolewa miaka themanini baadaye.