Mchanga, Mawe na Upepo wa Tairi

Uendeshaji wa baiskeli za milimani, yaani zile zenye matairi mapana ya meno na uma wa mbele unaopokea mishtuko kwa springi, ulianzia katika vilima vya California, Marekani, miaka ya 1970, na mwaka 1996 ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Ustadi wake, hata hivyo, hupimwa vilivyo katika ardhi kama ya Isiolo, ambako miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya humalizikia katika nyanda kame. Mashindano ya 10to4, yanayoandaliwa na Mount Kenya Trust, yalipata jina lake kutokana na mteremko huo, ambao huanzia takriban futi 10,000 na kushuka hadi karibu futi 4,000. Watazamaji hustaajabia kasi ya kushuka, ingawa kasi hiyo, kusema kweli, ni kazi ya mlima zaidi kuliko ya mpanda baiskeli. Ufundi huanza pale mteremko unapokwisha.

Tatizo lake kuu ni upepo wa tairi. Mawe meusi ya volkeno ya Nyambene, mengi yakiwa na ncha kali, yametapakaa katika sehemu kubwa ya nyanda hizo, na katikati yake hupita laga, yaani mikondo ya mito ya msimu ambayo kwa muda mrefu wa mwaka haina kitu ila mchanga mzito. Mchanga hudai tairi lililopunguzwa upepo, ili litandae na lisizame, ilhali mawe hudai tairi gumu, kwa sababu tairi laini likigonga jiwe kwa nguvu hubanwa dhidi ya rimu, na mpira wa ndani ukatoboka mahali pawili. Kwa kuwa hakuna awezaye kushika pampu kila baada ya hatua mia, mpandaji huchagua kiasi cha wastani kisichoridhisha upande wowote, na upungufu uliobaki huufidia kwa mwili wake. Penye mawe huinuka kitini na kukunja viwiko na magoti ili baiskeli ichezecheze chini yake; akikaribia laga hubadilisha gia mapema, husogeza nyonga nyuma, kisha hulegeza mikono. Hapo ndipo wageni wengi huanguka, kwani gurudumu la mbele likianza kuyumba wao huukaza usukani, nalo gurudumu hujichimbia mchangani papo hapo. Mjuzi huliacha litangetange upendavyo mchanga wenyewe, huku miguu ikipiga pedeli kwa mwendo usiobadilika.

Njia zenyewe hazikuchongwa kwa ajili ya mchezo wowote. Zilikanyagwa na mifugo ya Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali ikielekea visimani au kwenye mto Ewaso Nyiro, na kila mnyama huacha njia ya namna yake: kwato za ng'ombe husaga udongo ukawa vumbi linalofunika mawe, ilhali wayo wa ngamia, ulio mpana na laini, huugandamiza bila kuukata. Kwa hiyo anayejua kusoma nyayo na kinyesi hufuata walikopita ngamia, hata kama njia hiyo inazunguka.

Kuacha njia kuna gharama, nayo ni mbigili, mmea utambaao ambao mbegu zake zina miiba migumu. Fundi mzoefu hafungi mpira mpya mara tu anapoutoa uliotoboka, bali kwanza hupitisha kitambaa polepole ndani ya tairi zima, kwa maana nyuzi zake hunasa kwenye ncha ya mwiba isiyoonekana kwa macho, na vidole vikasalimika. Anayeiruka hatua hiyo kwa kuharakishwa na jua la saa saba hupata pancha ya pili kabla hajaifikia laga inayofuata.